Nisomee Yote, Usiruke

Mwezi huu sitazungumzia chanjo wala lishe ya watoto. Nataka niwaeleze juu ya kazi niliyoianza ukubwani, isiyo na mshahara: kusoma vitabu kwa sauti na kuvirekodi ili asiyeona avisikie.

Wanaonifahamu wanajua kuwa mimi na vitabu hatuachani. Mwezi wa kwanza wa ndoa yangu mama mkwe alinikuta jikoni nimezama kitabuni huku maharage yakiungua. Nilingoja nisemwe. Yeye aliipua sufuria, akavuta kigoda, akaniuliza, "Umefika wapi?" Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kitabu kile alikuwa amekisoma mara mbili. Tangu siku ile tukawa watu wa kuazimana vitabu, na naweza kusema ndivyo vilivyotupatanisha katika mambo mengi ambayo wakwe hugombania.

Miaka michache iliyopita akaanza kujikwaa kwenye kizingiti na kumwaga chai pembeni ya kikombe. Tukasema ni uzee. Mimi nesi, ninayepima watu presha kila siku, nami nikasema ni uzee. Tulipomfikisha kwa daktari wa macho, jicho moja lilikuwa limekwisha na la pili limebakiwa na mwanga hafifu. Ilikuwa presha ya macho, yaani glakoma. Aina yake iliyo ya kawaida haiumi. Hula uoni wa pembeni kwanza, na kilichokwisha kupotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Matibabu hulinda kile kilichobaki tu. Mama mwenzangu, kama umevuka miaka 40 na kuna ndugu yako wa damu mwenye ugonjwa huu, usingoje dalili, nenda kapimwe. Mume wangu na ndugu zake wamekwisha kwenda.

Mama hakulia. Alinyamaza tu, akawa anakaa barazani akielekea barabarani. Siku aliponiambia niwagawie wajukuu vitabu vyake, ndipo nilipochukua simu yangu, nikajifungia chumbani na kuanza kumrekodia.

Nilidhani kupenda vitabu kunatosha. Loo! Niliposikiliza, nilisikia jogoo, mashine ya kusaga ya jirani, karatasi zikichakarika, mate yakibofya mdomoni kama mtu anayekula ubuyu, na sauti yangu ikikimbia kana kwamba ninafukuzwa. Ilibidi nijifunze. Sasa natundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Simu naiweka umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo ya mdomo, maana herufi p na b zikipigwa moja kwa moja hupasuka kama puto. Maji ya uvuguvugu yanakuwa karibu, na chai ya maziwa naiacha mpaka nimalize. Wasomaji wa kazi hii hutafuna kipande cha tofaa kuondoa ule mbofyo wa mate, nami nimejaribu nikaona ni kweli. Nikikosea narudi mwanzo wa sentensi, si katikati. Na kitabu chote nakisoma kwanza kimya, kwa sababu huwezi kumpa mhusika sauti kama hujui mwisho wake. Saa moja ya kusikiliza hunila jioni mbili.

Ninahamishia kwenye kadi, naye anaitia katika redio yake ndogo. Kitufe cha kuanzisha nimekibandika plasta ya vidonda ili vidole vyake vikitambue.

Nilianza na Injili ya Yohana. Akasikiliza, akashukuru, kisha akasema, "Mwanangu, Injili naisikia redioni na kanisani. Sasa nisomee Rosa Mistika."

Nikashtuka. Wengi wenu mnakijua kitabu hicho cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Kuna baba mlevi, kuna binti anayepigwa kwa sababu ya barua ya kijana, na kuna mambo ya mapenzi yaliyofanya kwa muda kipigwe marufuku shuleni. Kukisoma kimya ni jambo moja. Kukisoma kwa sauti, kwa mama mkwe, mtoto wangu wa kidato cha pili akiwa sebuleni, ni jambo jingine. Nami ni mwalimu wa Shule ya Jumapili! Basi nikafanya ujanja. Palipokuwa pazito nikaruka kurasa mbili, nikaunganisha kwa maneno yangu mwenyewe.

Kesho yake akaniita. "Umeniruka," alisema. "Kitabu hiki nilikisoma ningali mwalimu kijana, wakati wenzangu wanakificha chini ya godoro. Macho yalipokuwa yangu, nilichagua mwenyewe cha kusoma. Sasa macho ni yako, umeanza kunichagulia?"

Sikuwa na jibu. Wodini tunafundishwa kwamba mgonjwa haachi kuwa mtu mzima kwa sababu amelala kitandani, na hapo nilikuwa nimemfanya mwalimu wangu kuwa mtoto.

Baadaye nilisoma habari za waliotutangulia katika kazi hii. Uingereza walianza kuwaazima wasioona vitabu vya kusikiliza mwaka 1935, kwenye santuri zilizozunguka polepole kuliko za muziki. Mmoja wa walioipigania kazi hiyo ni Ian Fraser, aliyepofushwa na risasi vitani Somme mwaka 1916. Vitabu vyao vya kwanza vilikuwa nini? Injili ya Yohana ilikuwamo, na pamoja nayo hadithi ya mauaji ya Agatha Christie! Kumbe hata wale askari hawakutaka kusomewa maneno ya kuwafariji tu. Huko Marekani, mwigizaji Alexander Scourby alianza kuwasomea wasioona mwaka 1937, akaendelea mpaka karibu na kifo chake mwaka 1985. Alisoma vitabu zaidi ya 400, pamoja na Biblia nzima. Nafikiri juu ya mtu yule kila ninapolalamika kuhusu jogoo, maana enzi za santuri, kabla ya tepu, kosa moja liliweza kuharibu upande mzima.

Basi nilizirudia zile kurasa mbili. Nilingoja watoto walale, nikamweleza mume wangu kwa nini mlango umefungwa, nikasoma kila neno kama lilivyoandikwa, bila kuharakisha na bila kutia sauti ya kukemea. Hilo la pili lilinishinda mara tatu. Sauti ya mlezi inajua kuhukumu hata pale maneno hayahukumu.

Mwenzangu mmoja wa kwaya aliposikia, aliomba nimtumie katika kundi lao la simu. Nilimkatalia. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, umeweka njia ya vitabu kugeuzwe kwa ajili ya wasioona, lakini haukusema kila mwenye macho apate cha bure. Mwandishi naye ana watoto.

Tumefika zaidi ya nusu ya kitabu. Vile vitabu vyake havikugawiwa. Viko kabatini, na yeye ndiye anayepanga kitakachofuata. Jumapili baada ya ibada alinishika mkono. Nilitazamia shukrani.

"Yule Zakaria," akasema, "umemfanya mpole mno. Mlevi hasemi hivyo mlangoni kwake. Rudia."

Jumamosi nitarudia, jogoo akiniruhusu.