Kura 510 tu, na yako iko ushago

Wasee, mnakumbuka Kiambaa, Julai 2021? Njuguna Wanjiku wa UDA alipata kura 21,773, Kariri Njama wa Jubilee akapata 21,263. Tofauti ni 510. Hao ni wapangaji wa maghorofa machache tu pale Ruaka.

Na wapangaji ndio naongea nao. Unalipa kodi ya nyumba hapo, dogo wako anasoma hapo, basari ya NG-CDF ni ya eneo bunge hilo, lakini kura yako iko ushago. Halafu mbunge akizembea unamchamba mtandaoni kama vile ulimpigia. Aki nyinyi!

Wengi hawajui hii: kiti kikishatangazwa kuwa wazi, sheria inasimamisha usajili wa wapiga kura eneo hilo hadi uchaguzi mdogo uishe. Kwa hivyo misafara ikianza kupiga honi mtaani, umechelewa. Kile cha Kiambaa kilibaki wazi baada ya Paul Koinange kufariki Machi 2021. Nani alikuwa amejipanga?

Beba kitambulisho, ingia ofisi ya IEBC ya eneo bunge unaloishi, uhamishe kura. Usingoje mabango.