Kabla Hujalirudisha Dukani

Likizo hii tulikuwa nyumbani Nalasi, mkoani Ruvuma. Shemeji yenu kabeba gitaa lake jipya la umeme, lililonunuliwa kwa hela ya kodi ya nyumba! Siku ya tatu akalitupa kitandani: “Mke wangu, nimepigwa!” Nyuzi zikiwa wazi, safi, akipanda juu shingoni, kelele tupu. Tukanuniana hadi jioni.

Kumbe dawa ipo. Nyuzi mpya huvutika, hivyo zivute taratibu kwa vidole, tyuni, rudia mpaka zitulie. Kisha piga uzi wazi, halafu ubonyeze kwenye freti ya 12. Noti iwe ileile, oktavu moja juu. Programu ya simu itakuonyesha. Ikizidi, rudisha nyuma kile kichuma kinachobeba uzi darajani. Ikipungua, kisogeze kuelekea shingoni. Tyuni upya kila ukisogeza.

Bisibisi tuliazima kwa fundi redio. Usiku ule gitaa likaimba. Kodi bado tunadaiwa, ila sasa tunadaiwa tukicheka.

Kwa hiyo, kabla hujarudisha kitu dukani, au mtu kwao, hebu jaribu kurekebisha kwanza. Tukutane mwezi ujao!