Niulizeni Uchakavu, Msiniulize Deni

Swali la kwanza lilikuwa hili: uchakavu wa mitambo ukiongezeka kwa shilingi 10, ripoti tatu za kampuni zinabadilika vipi?

Nilikuwa nalingoja. Ukiitwa intavyu ya mchambuzi wa fedha hapa Nairobi, swali hili au ndugu yake litakuja, kwa hivyo lijue vile unajua nauli ya matatu ya kwenu. Chukulia kodi ni asilimia 30. Faida baada ya kodi inashuka 7. Kwenye mtiririko wa pesa unaanza na hasi 7, halafu unarudisha ile 10, maana uchakavu si pesa iliyotoka mfukoni. Unabaki na 3. Kwenye mizania, pesa taslimu inapanda 3, mitambo inashuka 10, na upande wa pili mtaji wa wenye kampuni unashuka 7. Pande zimelingana. Umemaliza.

Nilijibu bila jasho. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo iliponilemea, na hizi hesabu nimezisoma usiku kwa simu, kwa bando za mkopo. Mzee mmoja wa jopo aliitikia kwa kichwa, akaandika kitu. Kwa hizo dakika chache hakuna aliyejali kwamba shati ni la binamu yangu, wala kwamba nilitoka Kayole kabla ya jua. Jibu lilikuwa sahihi, basi.

Halafu dada wa ofisi ya wafanyakazi akauliza: "Na cheti cha CRB umebeba?"

Sikuwa nacho. Kilizuiwa na shilingi 3,400, mkopo wa simu niliochukua mama alipolazwa. Sikuulipa kwa sababu sina kazi. Sasa sipati kazi kwa sababu sijaulipa. Nyinyi mnaopenda Excel, nionyesheni hiyo pesa ya kulipa inatoka safu gani.

Najua mtasema nini. Eti hapa tunachunga pesa za watu, na mwenye deni atashawishika. Kwa anayeshika funguo za sefu, hoja hiyo ina uzito. Lakini mchambuzi mwanagenzi hashiki hata sarafu, anashika jedwali. Na Imperial Bank ilipowekwa chini ya mrasimu Oktoba 2015, baada ya tuhuma za udanganyifu, lawama zilielekezwa kwa wakubwa. Sikusikia ikisemwa kwamba benki iliangushwa na kijana anayedaiwa mkopo wa simu.

Tena CRB iliundwa kumwambia mkopeshaji nani analipa madeni. Mimi sikuja kuwakopa. Ukipiga hesabu vizuri, mimi ndiye ningewakopesha: nifanye kazi mwezi mzima, ndio mnilipe.

Hata Benki Kuu imewahi kulegeza kamba. Aprili 2020 ilisema madeni ya chini ya shilingi 1,000 yasipelekwe CRB. Novemba 2022 ikaja na mpango wa benki kupunguza angalau nusu ya mikopo ya simu iliyokwama. Msimamizi wa mabenki analegeza, na nyinyi, ambao hata hamnidai, mnakaza. Mnachochuja hapo si uaminifu. Mnamchuja mtu ambaye mama yake hana bima.

Wewe unayejipanga kwenda, ningekuambia hivi. Zijue hizo ripoti tatu hadi uzione usingizini. Soma hesabu za kampuni inayokuita, kama huwa inazichapisha. Angalia hali yako CRB mapema, usiipate kwa jopo kama mimi. Na ukiulizwa, usidanganye: sema ni ngapi, ni ya lini na ilienda wapi. Aibu si yako.

Na nyinyi wa jopo: pimeni kazi kwanza. Nikishindwa na hesabu, nirudisheni Kayole bila huruma. Nikiziweza, niajirini, na kama hilo deni linawanyima usingizi, tukubaliane likatwe kwa mshahara wa kwanza. Ni shilingi 3,400. Uchakavu wa hiyo meza mliyokaa nayo kwa mwaka mmoja unazidi hapo.