TAMKO KWA UMMA KUHUSU MAJI SAFI NA UMEME KATIKA VIJIJI VYA KAPOLOWE

Sisi, wanachama wa shirika lisilo la faida linalofunga pampu za sola na taa za jua katika vijiji vya Kapolowe, teritware ya Kambove, tunatoa tamko hili kwa serikali ya jimbo la Haut-Katanga, kwa kampuni za madini, kwa wafadhili na kwa ndugu zetu wa vijijini.

Ziwa Tshangalele lilizaliwa na bwawa la Mwadingusha, lililouziba mto Lufira ili viwanda vya shaba vipate umeme. Kituo cha umeme cha bwawa hilo kimekuwa kikifanya kazi tangu 1930. Mashine zake zilikarabatiwa, kazi ikamalizika 2021, na sasa kina uwezo wa megawati 78 hivi. Karibu karne nzima imepita, na bado kuna watoto kandokando ya ziwa hilo wanaosoma kwa kibatari, na wakunga wanaozalisha kwa tochi ya simu. Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2006 kinadhamini haki ya kupata maji ya kunywa na umeme. Hatuombi sadaka.

Suala la maji linatuuma zaidi. Mito inayopita Likasi, ukiwemo Panda, hubeba masalia ya viwanda hadi ziwani tunakovua na kuchota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo wao. Mama akichemsha maji anaua vijidudu vya kipindupindu, na klorini nayo inaviua. Lakini kobalti haifi kwa moto: maji yanapungua sufuriani, madini yanabaki palepale. Anayewaambia watu wa ziwani wachemshe tu, amewapa nusu ya ukweli. Tunataka visima virefu, mbali na tope la viwanda, na maji yapimwe maabara, vijidudu na madini pia, kabla ya bomba kufunguliwa. Yapimwe tena kila mwaka.

Tumechagua pampu inayoendeshwa na jua moja kwa moja. Mchana inajaza tangi lililoinuliwa juu, usiku maji yanashuka yenyewe hadi bombani. Betri hazihitajiki, nazo ndizo huharibika mapema na kugharimu sana. Hata hivyo pampu nyingi vijijini hufa kwa kukosa mwenyewe: kipuri kidogo hakipatikani, ufunguo anao mtu mmoja, fedha zinazolipwa kwa kila bidoni hazijulikani ziliko. Kwa hiyo hatutakabidhi tena pampu pasipokuwa na kamati ya maji iliyochaguliwa na kijiji, mwanamke akiwa mtunza hazina, fundi wa hapohapo aliyefunzwa, na daftari linalosomwa mbele ya watu. Wapo wafadhili watakaoona tunachelewa. Tutachelewa.

Tuseme pia wazi kwamba taa zetu hazipiki chakula. Misitu ya miombo inaendelea kuteketea kwa makaa yanayopelekwa Likasi na Lubumbashi, na jambo hilo linadai mpango wake.

Serikali ya jimbo na SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, waanze kwa kuunganisha vituo vya afya na shule zilizo karibu na njia ya umeme. Vijiji vilivyo mbali vipatiwe mitambo ya sola kupitia ANSER, wakala wa taifa uliopewa kazi hiyo. Kampuni za madini nazo, Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2018 inazitaka zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Fedha hizo zianze na maji. Vipimo vya maji yanayotoka viwandani visifungiwe ofisini. Vitangazwe redioni kwa Kiswahili, ili mvuvi na muuza samaki wavisikie.

Ndugu wa vijijini, mkutano wa kuchagua kamati ukiitishwa, njooni wote, wanawake kwa wanaume. Na yeyote atakayewachimbia kisima, hata tukiwa ni sisi, mdaini karatasi ya maabara kabla hamjanywa.

Limetolewa Kapolowe, kwa niaba ya wanachama wote,
Kamati ya Uongozi