Chaja Isiyo na Waya Ikigoma, Anza na Soketi

Chaja ya simu isiyotumia waya ikigoma, lawama zote huangukia ile sahani simu inapolazwa. Hutupwa, ikanunuliwa nyingine. Nasema sahani ihukumiwe mwisho, na katika Arua na Koboko kuna sababu za ziada za kufuata utaratibu huo. Kabla ya sahani kuna umeme wenyewe, kichwa cha chaja, waya unaotoka kwenye kichwa hicho, na namna simu ilivyolazwa. Vyote vinaweza kukaguliwa bila kufungua hata skrubu moja, na kimojawapo kikiyumba, sahani nzima kabisa itaonekana imekufa.

Umeme wa West Nile, eneo la Uganda lenye Arua na Koboko, una historia yake. Kwa miaka mingi eneo hili halikuwa kwenye gridi ya taifa. Mtandao wake mdogo, chini ya kampuni ya WENRECo, ulitegemea jenereta za mafuta mazito na, kuanzia 2012, mtambo wa maji wa Nyagak wilayani Zombo, wenye uwezo wa megawati 3.5 tu. Gridi imefika miaka ya karibuni, lakini sola na betri zilizoingia majumbani na madukani kabla ya hapo bado zinafanya kazi, na hapo ndipo chaja hizi hukwama. Tundu la USB kwenye kisanduku kidogo cha sola mara nyingi hutoa volti 5 na ampea 1, yaani wati 5. Sahani nyingi za wati 10 au 15 huhitaji kichwa kinachoweza kupanda hadi volti 9. Ikipewa wati 5, na sehemu ya hizo ikapotea kama joto njiani, simu huanza kuchaji, ikaacha, ikaanza tena, huku taa ya sahani ikimetameta. Kwa hiyo soma maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja. Kikiwa kimeandikwa volti 9 na ampea 2, hizo ni wati 18, na kwa sahani nyingi zinatosha. Wengine huchomeka waya moja kwa moja kwenye simu, na ikichaji huona kichwa hakina kosa. Kipimo hicho hakitoshi, maana simu inaweza kuridhika na umeme mdogo ambao sahani haiwezi kuutumia. Azima kichwa chenye nguvu na waya mwingine, ndipo ujue.

Baada ya hapo geukia simu. Kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831 ndiyo inayofanya kazi hapa: koili ya sahani huamsha umeme katika koili iliyo mgongoni mwa simu, bila kugusana, lakini kwa umbali wa milimita chache tu. Kava nene, pete ya chuma ya kushikia simu, sarafu au simu iliyolazwa kando kidogo hukata mawasiliano hayo. Chaja za kiwango cha Qi zimeundwa kugundua chuma na kuacha kuchaji, kwa hiyo zinapokataa huenda zinafanya kazi yake. Joto nalo lina sehemu yake. Chumba chenye paa la mabati wakati wa kiangazi huipasha simu kiasi kwamba inapunguza chaji au kuizuia ili kulinda betri. Tena simu nyingi za bei nafuu hazina koili kabisa. Lakini ukisikia harufu ya kuungua, au betri ikivimba, acha majaribio yote na uchomoe.

Wapo watakaosema sahani ni bei rahisi, ya nini kuhangaika? Jibu ni kwamba sahani mpya ikiunganishwa na kichwa kilekile dhaifu itagoma vilevile, na pesa zimekwenda. Tena sahani inayotupwa bure huongeza taka: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa rasmi. Wengine watasema chaja hii ni anasa inayopoteza umeme. Kwa anayetegemea paneli ndogo ya sola nakubali kabisa: atumie waya. Ila simu ambayo tundu lake la kuchajia limelegea au limejaa vumbi jekundu la barabara zetu, kama ina koili, huendelea kuishi kwa sahani hiyo wakati mwenyewe anatafuta pesa ya fundi.

Mzigo huu usiachiwe mnunuzi peke yake. Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo imenunuliwa kuifanya. Koboko iko mpakani mwa nchi tatu; anayenunua chaja kisha akavuka Oraba kwenda Kaya, Sudan Kusini, hatarudi kirahisi kudai haki yake. Muuzaji ailaze simu ya mteja kwenye sahani palepale kaunta, kwa kichwa ambacho mteja atakitumia nyumbani, na aandike kwenye risiti sahani hiyo inahitaji wati ngapi.