Mashine Bila Mtu na Vitendanishi ni Pambo

Makamanda, leo tuongee maabara. Najua tumezoea Katiba Mpya na tume huru, lakini mama wa Nduguti au Itigi anayetokwa damu isiyo ya kawaida, halafu hajui akapime wapi, hiyo nayo ni siasa.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanzo chake kinajulikana: kirusi cha HPV. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinahusika na takribani asilimia 70 ya wagonjwa. Kutoka maambukizi hadi saratani hupita miaka mingi, yaani muda wa kuizuia upo. Ukipita, ndipo inaanza safari ya Ocean Road, karibu kilomita 700 kutoka Singida mjini. Nauli, pa kulala, wa kukusindikiza. Ng'ombe wanauzwa, alizeti inauzwa ikiwa bado shambani.

Sasa sikia hii. Tangu 2021 WHO inashauri uchunguzi uanze na kipimo cha vinasaba vya HPV, kuanzia miaka 30, na 25 kwa mwenye VVU. Mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, kwa faragha. Inapimwa na GeneXpert, mashine ileile iliyosambazwa nchini kupima TB, na jibu linatoka kwa saa moja hivi. Kwa hiyo tukiambiwa eti teknolojia hii ni ya nchi tajiri, tukatae.

Ila mashine haijiendeshi. Inataka umeme na vitendanishi vya HPV, maana vya TB havifanyi kazi hiyo. Zaidi ya yote inataka kiongozi wa timu: mtaalamu wa maabara aliyekabidhiwa jukumu kwa barua, anayeagiza vitendanishi kabla havijaisha, anayepanga bodaboda ya kuleta sampuli toka Sepuka, anayehakikisha kila aliyekutwa na kirusi anapigiwa simu, anaelezwa kwamba hiyo bado siyo saratani, na anarudi kutibiwa. Jibu lililolala kwenye daftari halijamwokoa mtu.

Tuwe wakweli: chanjo ya HPV inatolewa nchi nzima tangu 2018, na 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hilo ni jema. Lakini haimsaidii mama yako mwenye miaka 45.

Kwa hiyo kazi ni hii. Kabla bajeti haijafika Bungeni Aprili, muulize diwani wako na mbunge wako maswali matatu: Vitendanishi vya HPV vimetengewa shilingi ngapi? Nani anaongoza timu hiyo kwenye maabara yetu? Waliokutwa na kirusi, wangapi wametibiwa? Wakikujibu, andika. Wakikaa kimya, andika pia, tutawasomea kwenye mkutano wa hadhara.

Haki ya kuishi nayo ni haki. Hakuna kulala!