Waacheni Wachore Konokono

Mwezi uliopita mgeni mmoja wa shirika aliingia kwenye kikundi chetu cha Jumamosi, hapa Nakivale, akakuta watoto ishirini na kitu wamelala kifudifudi juu ya mikeka wanachora. Akainama, akaangalia. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Hawa ni wadudu gani?" Nikamwambia ni konokono wa baharini. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza lile swali lililonifanya nishike kalamu: "Sasa hii inawasaidia nini?"

Nilijibu vibaya. Nilisema eti inawatuliza akili. Akafurahi, akaandika kwenye daftari lake, akaenda. Nikabaki nimejikasirikia, maana ulikuwa uongo wa kumfurahisha mtu mwenye daftari, na uongo wa namna hiyo naujua tangu utoto.

Tulipofika hapa nilikuwa na miaka minane. Siku za kwanza tulikusanywa chini ya turubai, tukapewa karatasi na kalamu za rangi, tukaambiwa: choreni nyumbani. Mimi nilichora nyumba yetu, mti wa parachichi na mbuzi. Mtoto aliyekaa pembeni yangu alichora nyumba inaungua na askari wenye bunduki. Dada aliyetusimamia alikaa naye muda mrefu, akamshika bega, akaita wenzake waje waone. Mbuzi wangu hakuna aliyemwona. Siku iliyofuata na mimi nikachora moto, nyekundu karibu karatasi nzima. Nikashikwa bega. Mchoro wangu ukabandikwa ukutani.

Nyumba yetu haikuungua. Tulikimbia, ndiyo, na mambo mengine yalitokea ambayo siyaandiki hapa. Lakini nyumba haikuungua. Mjomba alipita pale miaka miwili baadaye akaikuta imesimama, watu wengine wanaishi ndani, na parachichi imezaa.

Sisemi yule dada alikuwa mtu mbaya. Wala sisemi mtoto asichore yaliyomuumiza. Yupo mtoto ambaye mdomo umefunga kabisa na penseli ndiyo inayosema. Huyo akae na mtu aliyesomea kazi hiyo, mlango umefungwa, na mchoro usibandikwe popote. Ninachopinga ni hii tabia ya kudhani kwamba mtoto wa kambi akishika penseli, lazima itoke vita. Na isipotoka vita basi litoke tangazo: nawa mikono, lala kwenye chandarua, usiozwe mapema. Vita na matangazo, basi, katikati hakuna kitu. Mtoto wa Mbarara mjini akichora samaki, amechora samaki. Wa kwetu akichora samaki anaulizwa kama huyo samaki ana huzuni.

Sasa, kwa nini konokono wa baharini? Nitasema ukweli: ni bahati tu. Rafiki alikuwa na MB kwenye simu, tukaona video. Nikaenda Mbarara na shida zangu nyingine, nikapita kwenye duka la fotokopi, nikachapisha kurasa sita za rangi kwa pesa ambayo sitaki mama yangu aijue. Nilipozirudisha Nakivale watoto walikataa katakata. Konokono wanawajua! Wapo shambani kwenye maharagwe, na wapo ziwani, na wanaambiwa kila siku wasikanyage maji hovyo kwa sababu konokono wa majini wengine hubeba kichocho. "Hawa si konokono, mwalimu. Hawa ni maua."

Basi tukaanza hapo. Huyu kweli ni jamaa ya konokono. Anapoanguliwa huwa na gamba dogo, halafu analiacha, anaishi uchi. (Watoto wakamwita konokono uchi, na kicheko kikala dakika kumi za somo.) Zile pembe mbili kichwani ni pua yake, ananusia majini. Kile kinachofanana na ua mgongoni, kwa aina nyingi, ndiyo mapafu yake, yaani matamvua ya kupumulia, yako nje. Wengine hula jamaa za konyeza, mnyama wa baharini anayewasha kuliko upupu, na ile miiba ya sumu hawaimeng'enyi yote: wanaihamishia mgongoni, iwe silaha yao wenyewe. "Kumbe mwizi!" akasema mvulana mmoja, kwa heshima kubwa.

Konokono huyu anaweza kuchorwa vibaya. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ukichora pembe nne, mwenzako anakwambia hapana, angalia picha, ni mbili. Ukiweka ua kichwani, unaambiwa liko nyuma. Unafuta, unaangalia tena, unachora tena. Mimi na moto wangu wa uongo, hakuna aliyeniambia angalia tena. Hakuna aliyeniuliza kama ni kweli, kwa sababu hawakuwa wanauangalia mchoro, walikuwa wananiangalia mimi. Kumwambia mtoto kwamba amekosea pembe ni kumheshimu, ni kumwambia jicho lako linafanya kazi, litumie.

Tukakwama kwenye maji. Watoto wangu wanajua ziwa, na ziwa la Nakivale halikupwi likajaa. Niliposema kwamba konokono hawa unaweza kuwaona kwenye mawe maji ya bahari yakitoka, wakauliza: yanatoka yanaenda wapi? Mimi mwenyewe bahari sijawahi kuiona. Kutoka hapa mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Aliyetuokoa ni mama mmoja Mbajuni wa Kismayo, alikuja kumchukua mwanawe akaona karatasi sakafuni. Akachukua ile picha ya konokono mkubwa mwekundu, yule ambaye Wazungu wamempa jina la mcheza ngoma wa Kihispania kwa sababu akiogelea anapepea kama gauni, akasema huyu namjua. Akakaa. Akachukua mkaa, akachora ufuko maji yakiwa yamejaa, kisha pembeni yake ufuko uleule maji yakiwa yamekupwa, akaeleza habari za mwezi na maji kwa karibu saa nzima. Mama huyu yuko hapa miaka mingi. Ameitwa kwenye semina za sabuni, za majiko, za kuweka akiba. Hakuna aliyewahi kumwita afundishe bahari.

Wazazi nao wana neno lao, na wao nawaogopa kuliko mashirika. Baba mmoja aliniambia: "Kijana, tangu 2023 mgao umepunguzwa na watu wamegawanywa kwa makundi, wengine hawapati kitu, na wewe unachoresha wanetu konokono? Wafundishe Kingereza." Papa, nakusikia. Njaa ni njaa, na konokono hajazi sufuria. Lakini hata Kingereza hakijazi sufuria leo, na bado unakitaka, kwa sababu unamwona mwanao ni mtu wa kesho. Basi mtu wa kesho anahitaji pia vitu vya kushangaa.

Na isidhaniwe kuwa hawa ni wanyama wa mchezo. Kuanzia 1900 mpaka 1904 Mwingereza Charles Eliot alikuwa kamishna wa himaya ya Afrika Mashariki, Kenya ya leo. Ni yeye aliyewafungulia walowezi wazungu mlango wa nyanda za juu. Na katika miaka hiyohiyo aliandika makala za kisayansi, zikachapishwa London, juu ya konokono uchi wa Zanzibar na pwani yetu, akiwapa majina. Mtu anagawa ardhi za wenyewe asubuhi, jioni anahesabu matamvua, na anaitwa msomi. Mtoto wa mkimbizi akihesabu matamvua yaleyale, tunaambiwa anapoteza muda wa mradi.

Kuna moja zaidi. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Japani, Sayaka Mitoh na Yoichi Yusa, walieleza jambo la ajabu. Kuna aina ya koa wa bahari ambaye kichwa hujikata chenyewe kutoka kwenye mwili. Moyo unabaki kule nyuma, kichwa kinatambaa kivyake, na baada ya wiki tatu hivi kimeota mwili mzima na moyo mpya. Nilipomsimulia mfanyakazi mwenzangu, macho yakamng'aa: "Hiyo ni ustahimilivu! Ndiyo wakimbizi! Tuiweke kwenye bango." Nikamwomba, tafadhali, asome mpaka mwisho. Walioota mwili ni vijana. Vichwa vya wazee havikula kitu, vikafa baada ya siku kumi hivi. Utabandika na hiyo?

Msichana wa miaka tisa, niliposimulia habari hiyohiyo, hakuona wakimbizi wala bango. Aliniuliza: "Mwalimu, kichwa iko peke yake, tumbo hakuna, sasa chakula inaenda wapi?" Ndilo swali wanasayansi wenyewe wamejiuliza. Koa huyo hula mwani na kuziiba chembe zake za kijani, zile zinazotengeneza chakula kwa jua, na inadhaniwa zinamsaidia kuvumilia mpaka tumbo lirudi. Msichana akafikiri, akachora kichwa kimelala juani, na ndani ya kichwa madoa ya kijani. Hakuwa na penseli ya kijani. Alisugua jani la maharagwe.

Mchoro huo yuko nao nyumbani kwao, siutoi kwa mtu. Jumamosi ijayo tunachora pweza, na mama wa Kismayo amekubali kuja. Mgeni yeyote anakaribishwa. Aje na penseli yake, akae kwenye mkeka achore, na akikosea mikono ya pweza watoto watamwambia.